Jumamosi Ambayo Wino Ulikauka

Wadogo zangu wa ofisi, siku mliyoniaga mlinipa maiki baada ya mbuzi na kabla ya soda, ndiyo maana nilisema maneno matatu nikakaa. Mtu hawezi kusema mambo ya maana akiwa na mfupa mkononi. Sasa niko nyumbani, nina meza, nina kalamu, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Basi niandike.

Sitaandika juu ya vyeo, maana nilipata kimoja tu. Wala sitaandika juu ya mshahara, maana hadithi za kubuni sizijui. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya Jumamosi moja ambayo mpaka leo sijui niiweke upande gani.

Nilifika chuoni hapa Butembo na ufagio wangu mwenyewe. Nilikuwa mfagiaji. Asubuhi ile ya kwanza niliona watu wamejazana mbele ya valve, ule ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Msichana mmoja amekaa chini analia, kijana mmoja amejitupa kwenye matope na suruali nyeupe. Nikavua kofia. Nikamuuliza mzee aliyeshika funguo, "Papa, nani amekufa?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ufagio. "Hakuna mutu amekufa. Ni matokeo ya mutihani ya chimie."

Mzee huyo alikuwa Papa Muhindo, appariteur wa kwanza wa chuo chetu. Kwa wasomaji wa nje ambao hawaijui kazi hii: appariteur ndiye anayeandikisha wanafunzi, anabandika orodha, anapokea kazi zao za mwisho na kuzipiga muhuri. Hafundishi, hatoi alama. Lakini bila yeye profesa ni mtu anayeongea peke yake chumbani.

Papa Muhindo ndiye aliyenisukuma niende masomo ya jioni. Nilisoma jioni miaka karibu sawa na ile ya Waisraeli jangwani, nikikaa benchi moja na vijana wadogo kuliko viatu vyangu. Nilipoleta diploma, aliisoma pande zote mbili kama mtu anayetafuta tundu kwenye chandarua, halafu akaniweka kwenye kiti kando yake na kunionyesha vyombo vya kazi. Vilikuwa vinne. Daftari kubwa la kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Ufunguo wa kabati la kazi za zamani. Muhuri wenye mpini wa mti, uliolainishwa na mkono wake mpaka unang'aa kama paji la uso. Na chupa ya wino wa zambarau, kubwa sana; ningesema ingetosha kupaka rangi kanisa.

"Muhuri ni kama mate," akaniambia. "Ukishatema, hairudi mudomoni. Kabla ya cachet, karatasi ni ya mwanafunzi. Nyuma ya cachet, ni ya chuo. Na kila mustari unaandika mu registre, unapiga cachet kando yake. Hata ukilala, mukono ijue."

Mkono wangu ulijua. Miaka michache baadaye nilijikuta nimepiga muhuri kwenye bahasha ya mchango wa arusi ya shemeji.

Alinifundisha pia kusoma dédicace, ule ukurasa wa mbele ambapo mwanafunzi anaandika kazi yake anamtolea nani. Kazi ya kurasa sitini huwezi kuisoma yote, lakini dédicace ni mistari minne, na humo ndimo mtu alimo. Nimesoma maelfu. Nyingi ni za mama, na ni haki. Moja siwezi kuisahau: "Kwa mbuzi aliyeuzwa ili nisome." Ilikuwa kwenye kazi juu ya viazi vya Luofu, iliyoandikwa na kijana mmoja Kambale, ambaye baadaye alirudi kufundisha akawa Chef Kambale, kama tunavyowaita wahadhiri hapa, mkali wa koti na kalamu nyekundu.

Kazi yetu imejaa mambo ambayo hayako kwenye kanuni. Mwanafunzi anakuja, anasema baba amekufa, anaomba mtihani usogezwe. Unampa pole. Mwaka unaofuata baba huyo anakuja mwenyewe kuuliza matokeo. Wakati wa Ebola tuliweka ndoo ya maji ya dawa langoni, kila mtu anawe kabla ya kuingia mtihani, na siku ya takwimu nilimwona kijana mmoja ananawa polepole, machozi yanamtoka. Dawa ilikuwa inaondoa formule zote alizoandika kiganjani. Nikampa pole naye. Kanuni zinasema nimwandike. Lakini nimwandike kwa kosa gani, na mikono yake ni safi?

Sasa Jumamosi yenyewe.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuleta kazi za mwisho wa masomo. Saa sita mchana guichet, dirisha la mapokezi, inafungwa, anayekuja saa sita na dakika moja anangoja mwaka mzima. Na kazi lazima mwenyewe ailete, mwenyewe atie sahihi kwenye daftari. Hakuna kutuma rafiki. Saa tano mstari ulikuwa na watu kumi na wawili. Nilikuwa nimeshapokea wawili. Wa tatu alikuwa Kavira.

Kavira alitoka Mangina. Mnakumbuka mwaka ule familia za Mangina zilivyokimbia vita zikaja kwa mguu, godoro kichwani, zikajaa kwenye viwanja vya makanisa hapa mjini. Familia yake ilikuwa humo. Alikuwa msichana wa kuuliza maswali mengi darasani; aliandika juu ya wakulima wa kakao wa kwao. Akaweka nakala tatu mbele yangu, bado zina joto la mashine.

Nikasoma dédicace: kwa mama. Vizuri. Halafu, sijui ni shetani au ni Papa Muhindo kutoka kaburini, nikafungua katikati. Nikasoma hivi: "Asubuhi, ukungu wa Luofu ukishatoka, mkulima anachimbua kakao kwa jembe, anaikung'uta udongo, na kuitia kwenye gunia."

Ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa shamba. Kakao inaning'inia kwenye mti kama taa ya barabarani. Na Luofu ni baridi kiasi kwamba hata jogoo anawika na koti. Nikafungua ukurasa mwingine: kakao inapandwa kwa matuta. Mwingine: kakao inaoza ikikaa sana chini ya ardhi.

Nikaelewa. Mtu alichukua kazi ya viazi, akaondoa neno viazi, akaweka kakao. Na kazi ya viazi vya Luofu nilikuwa nayo kabatini, mgongoni pangu, na mbuzi wake. Nikatazama jalada la Kavira. Mwalimu aliyemwongoza, aliyetia sahihi kwamba amesoma na kukubali kila ukurasa: Chef Kambale.

Muhuri ulikuwa mkononi, umeshalowa. Nikipiga, karatasi ni ya chuo. Jury ya walimu ikiona, Kavira anafukuzwa, na jina lake linabandikwa kwenye valve na mkono wangu huu. Nikipiga na jury isione, anakuwa mtaalamu wa kakao inayochimbuliwa. Nikimrudishia mbele ya watu, saa moja haimtoshi, mwaka umekwenda, na kila mtu atajua kwa nini. Papa Muhindo hakuniachia sentensi ya jambo hili.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Wino imekauka."

Kavira akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nikafunga kisanduku cha wino haraka, nikasukuma ile chupa kubwa kwa mguu chini ya meza.

"Imekauka namna gani, Papa?" akauliza mmoja. "Ule wa mbele umemupigia sasa hivi."

"Ilikuwa tone ya mwisho."

Nyuma ya mstari akatoka Mumbere. Mnamjua, lakini wakati ule alikuwa mwanafunzi mwembamba wa kutoka Kasugho. Alikuwa ameteremka siku nzima kwenye matope, nusu pikipiki, nusu mguu, kazi yake imefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki kama mtoto mchanga.

"Papa, nikimbie sokoni? Iko pale karibu. Dakika kumi niko narudia."

"Hii hapana wino ya soko," nikasema. "Inatoka Kinshasa. Na ndege."

Uongo ni kama ngazi, ukishapanda moja unatafuta ya pili. Nikaandika kwenye daftari: saa tano na robo, wino umekauka, mapokezi yanaendelea Jumatatu. Nikatia sahihi. Secrétaire académique, mkuu wetu wa masomo, alipitia akasema, kama sheria ilivyo, kwamba hitilafu ya ofisi si kosa la mwanafunzi. Wote walioko kwenye mstari wasubiri Jumatatu. Wengi walifurahi, wakaenda kusahihisha nukta zao. Mumbere hakuondoka.

"Papa, mais siye tulifika kwa saa, tumepata nini?"

"Umepata siku mbili za kupumzika."

"Kesho siku ya yenga banapeleka mbuzi kwa wakwe zangu kule Kasugho. Njo mi muoaji. Nikitoka sasa, nitafika. Nikingoja Jumatatu, mbuzi zitafika bila mimi."

"Batakuelewa," nikamwambia. Sikuwajua hao watu hata mmoja.

Akasimama kidogo, mifuko yake mitatu kifuani. Halafu akasema, "Sawa, Papa. Hapana kosa yako." Akaenda kukaa chini ya ukuta.

Nikamwita Kavira ndani, nikafunga mlango. "Kavira, mwanangu. Kakao inazaa Luofu?"

Alitazama nakala zake. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeanguka mbele ya watu. "Papa, mi sijawahi kufika Luofu."

"Inaonekana."

Akaniambia. Maswali aliyowauliza wakulima, majibu yao, vipimo, vyote vilikuwa kwenye madaftari mawili, na madaftari yalibaki Mangina siku walipokimbia. Alibeba mdogo wake, hakubeba daftari. Sura mbili za kwanza alizikumbuka. Ya tatu hakuikumbuka, na mtu anayewapigia wanafunzi chapa kule mjini akamwambia asijali, yeye ana sura za tatu za kila aina.

"Ulisoma alichoweka?"

"Niliogopa kusoma. Ningesoma, ningejua."

Jibu hilo nimelizungusha kichwani miaka yote hii. Sijapata lingine lililo la kweli kama hilo, wala baya kama hilo.

"Wakulima uliowauliza wako wapi leo?"

"Pale kwenye kiwanja cha kanisa. Karibu wote. Baba ya ubatizo ya mudogo wangu, Mama Kahindo, wote iko pale."

"Kumbe shamba imekufuata mpaka Butembo, na weye unatafuta viazi."

Alichukua nakala zake tatu, akatoka karibu akikimbia. Jumapili, niliambiwa, alikuwa kiwanjani toka ibada ilipoisha mpaka giza, anaandika nyuma ya karatasi za nyimbo.

Lakini sura mpya ilihitaji sahihi mpya ya mwalimu. Saa tisa ya Jumamosi ile ile nilimkuta Chef Kambale ofisini kwake, nikamwomba amruhusu Kavira kubadilisha sura ya tatu.

"Kwa nini? Nimesoma. Ni nzuri sana."

Nikaweka mbele yake ukurasa mmoja niliokuwa nimeuomba kwa Kavira. Akasoma. Kalamu nyekundu ikatoka yenyewe mfukoni.

"Mais hii ni nini? Anachimbua kakao? Na hii style, Papa Kakule. Sentensi ndefu bila kichwa. Ni nani mujinga ameandika hivi?"

Nilirudi ofisini, nikafungua kabati, nikatoa ile kazi ya viazi, nikaipeleka kwake na daftari chini ya kwapa. Nikaiweka mezani, ukurasa wa mbuzi juu. Halafu nikafungua katikati, pale pale, asubuhi ukungu wa Luofu ukishatoka.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mimi nilitazama dirishani; kulikuwa na kuku anavuka uwanja na nilimchunguza kuku huyo kuliko profesa yeyote wa zoolojia. Mwishowe Chef akasema, sauti ndogo, "Niliandika hii siku nne. Mama alikuwa hospitali."

Nilishindwa kumwuliza kama aliiandika au kama naye kuna mtu alimwandikia. Mpaka leo sijui, na labda yeye naye hana uhakika.

"Aruhusiwe," akasema. "Na hii kitabu niachie."

"Chef, kitabu haitoki bila registre."

Akatia sahihi. Ameazima kazi yake mwenyewe. Mimi nikarudisha daftari ofisini, nikalifunga, nikaenda nyumbani, kichwa kimejaa maji.

Jumatatu wote walirudi na wino ulikuwa umefika na ndege. Kavira alileta sura mpya, fupi, yenye makosa ya chapa, ambamo wakulima wanasema mambo yasiyopatana: mmoja anasema mvua ilikuwa nyingi, mwingine anasema haikunyesha. Siku ya kuitetea, Chef Kambale alimwuliza maswali makali nusu saa, akiwa ameisoma mpaka namba za kurasa. Alipata kumi na mbili kwa ishirini. Kijana aliyemfuata, ambaye kazi yake nilikuwa nimeisoma mara tatu kwa majina matatu tofauti, alipata distinction, alama za juu. Basi elezeni ninyi wasomi.

Nilitafuta jina langu kwenye dédicace mpya ya Kavira, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye valve. Halikuwemo. Kwa mama, na kwa watu wa kiwanjani. Ni haki. Leo ni mtaalamu wa kilimo kule Beni, na nasikia hatii sahihi karatasi bila kuisoma mara mbili. Na Chef Kambale tangu siku ile anasoma kila kitu. Wanafunzi wanamchukia kwa heshima.

Ningeishia hapo mngesema Papa Kakule alifanya vizuri. Lakini Mumbere.

Mbuzi kumi na wawili walifika Kasugho Jumapili bila muoaji. Mjomba wa msichana akauliza kijana yuko wapi, wakamwambia anangoja muhuri. Mjomba akasema, "Basi aoe muhuri," na mbuzi wakageuzwa. Kabla ya mvua za mwaka ule msichana alikuwa ameolewa kwa mtu mwingine. Mumbere alikaa mjini, akatafuta kazi, akaipata kwenye ofisi yetu, kiti kile kile kando yangu. Miaka yote hiyo aliwaambia wageni akicheka, "Wino ya Papa ilinikosesha bibi." Na mimi nilicheka naye. Nimecheka naye kwa kicheko hicho labda mara elfu, na hakuna iliyokuwa rahisi.

Halafu alimwoa Masika, mwanamke ambaye akipita hata wagonjwa wanapona. Wana watoto watatu. Sasa nimwombe msamaha kwa bibi gani, yule aliyemkosa au huyu aliyempata? Nikimwambia ukweli, namwondolea mzaha wake. Nisipomwambia, nakula mzaha wake bila haki. Nikaahirisha. Kazi ya kuahirisha naiweza vizuri.

Wiki yangu ya mwisho tulikabidhiana ofisi, mimi na Mumbere, maana ndiye aliyechukua kiti. Tukahesabu: ufunguo, sawa. Muhuri, sawa. Chupa ya wino, ile ile ya Papa Muhindo, bado ina robo, akaitikisa, akasema, "Hii chupa ni ya mjane wa Sarepta, haiishi." Kisha kabati. Kitabu kimoja kilipungua: viazi vya Luofu.

"Kiliazimwa," nikasema. "Angalia mu registre."

Akaenda kutafuta daftari la mwaka ule. Nilipomwona analifungua ndipo nilipokumbuka mkono wangu. Mkono unaojua hata ukilala.

Kidole chake kilishuka ukurasani. Saa tano na robo: wino umekauka, mapokezi Jumatatu. Sahihi yangu. Mstari uliofuata, siku ile ile, saa tisa: Chef Kambale ameazima kitabu. Na kando yake muhuri wa zambarau, mzima, umejaa, hata kipande kimoja hakikukosekana.

Kidole kikasimama. Nje wanafunzi walikuwa wanabishana mbele ya valve.

"Papa," akasema bila kuinua kichwa, "hii cachet ya saa tisa iko mubichi sana."

Nikamwambia yote. Kakao, jembe, ukungu, chupa chini ya meza. Nilisema haraka, kama mtu anayetema pilipili. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kavira alijua juu ya mbuzi zangu?"

"Hakujua. Mimi nilijua."

Kisha akavuta karatasi ya makabidhiano. "Kitabu moja inapungua. Tuandike nini?"

"Andika ukweli."

"Ukweli gani, Papa? Iko mbili kwenye page moja."

Akaandika kitu, mwandiko wake mdogo sikuweza kuusoma bila miwani, na miwani sikutaka kuivaa. Akapiga muhuri. Akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu.

"Tia sahihi, Papa. Mwenye kazi mwenyewe."

Nikatia. Siku mbili baadaye ndipo mliponifanyia ile karamu na mimi nikasema maneno matatu. Mumbere alikuwepo, aligawa nyama, alinipa kipande kikubwa, hakusema mzaha wa wino. Ni mara ya kwanza mgeni amekula ofisini bila kuusikia.

Jana Masika amenitumia sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, imefunikwa vizuri, na mtoto aliyeileta akasema tu, "Mama anasalimia." Nimekula yote. Bado sijui kama nilikula msamaha au nilikula sombe tu. Sufuria iko hapa mezani, nimeshaiosha, na kesho itabidi niirudishe mwenyewe.